Maisha ya Parsaloi ole Gilisho, Aliyeipeleka Serikali Kortini



Baada ya hesabu za fedha na habari za mikutano, halmashauri imeona vema taarifa ya mwaka huu iwe na kurasa chache za maisha ya mtu mmoja wa kale. Mtu huyo ni Parsaloi ole Gilisho, ambaye katika maandiko ya Serikali ya zamani jina lake limeandikwa Legalishu. Alikuwa Mmasai wa Purko, na alifariki mwaka 1939. Hakuzaliwa Kajiado wala hakuzikwa Kitengela. Walakini karatasi alizopigana nazo ziliandikwa kwa jina la Wamasai wote, na mipaka tunayoishi ndani yake hadi leo ilichorwa na karatasi hizo.

Iko sababu nyingine ya kumchagua. Wanachama watakumbuka kwamba baada ya ukame wa miaka 2021 na 2022 kuwamaliza ng'ombe wa watu wengi, palitokea maneno mkutanoni. Wako waliosema kwamba si busara chama kuendelea kulipa karo za watoto hali boma hazina maziwa, na kwamba fedha ile ingefaa kununua mitamba kwanza, shule zingoje. Maneno hayo hayakuwa ya mjinga, maana njaa haingoji. Wengine wakauliza vilevile mbona sisi wa nchi hii hubadilisha viongozi mara kwa mara, na hali zetu zisibadilike. Mimi karani wenu niliagizwa kuandika majibu. Nimeona maisha ya mzee huyu yajibu vizuri zaidi kuliko maneno yangu.

UJANA WAKE

Gilisho alizaliwa karibu na mwaka 1875, na ujana wake uliangukia katika miaka migumu kuliko yote ambayo Wamasai wameiona. Kwanza ulikuja ugonjwa wa mapafu ya ng'ombe. Kisha, karibu na mwaka 1890, ikaja sotoka, ikafagia mazizi kutoka Bahari ya Shamu hata kusini ya Afrika. Watu wakiwa katika njaa hiyo, ndui ikawaingia. Wakati huohuo laiboni mkuu Mbatian alifariki, na wanawe wawili, Olonana na Sendeyo, wakagombana juu ya urithi wake, na watu wao wakapigana. Boma zilizokuwa na mamia ya ng'ombe zilibaki na majivu. Watu wenye fahari walikwenda kuomba chakula kwa majirani zao Wakikuyu na Wakamba, na wengine wakaweka watoto wao huko ili wasife.

Katika umaskini huo ndimo Wazungu walimowakuta Wamasai. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika Kisumu. Olonana, aliyekaa upande wa Ngong, aliona kwamba watu wake hawana nguvu ya kupigana, akafanya urafiki na Serikali. Morani wengi walikwenda vitani pamoja na askari wa Serikali, na malipo yao yalikuwa sehemu ya ng'ombe walioporwa. Kwa njia hiyo mazizi yalianza kujaa tena. Twapaswa kulikumbuka jambo hili: urafiki ule ulifanywa na watu wenye njaa, na mwenye njaa hapewi nafasi ya kuchagua masharti.

Gilisho alikua katika rika la Il-Talala, akachaguliwa kuwa msemaji wa rika lake, yaani olaiguenani. Wazee wanajua kwamba cheo hicho hakipatikani kwa mali wala kwa kuzaliwa. Hupewa kijana mwenye kichwa kilichotulia, ajuaye kusikiliza kabla ya kusema, na ambaye wenzake wakikosa yeye hujibu kwa ajili yao. Hivyo Gilisho alikuwa amefundishwa. Elimu yake ilikuwa ya mkutano, ya kumbukumbu na ya maneno yaliyopimwa. Hakujua kusoma, maana katika nchi ya Wamasai ya wakati ule hapakuwa na shule.

KARATASI YA KWANZA

Reli ilipokwisha, Serikali ilitaka mizigo ya kuilipia gharama zake, ikawakaribisha walowezi wa Kizungu. Nchi waliyoipenda ilikuwa ile ya Bonde la Ufa, upande wa Naivasha na Nakuru, iliyokuwa malisho ya Wamasai. Mwaka 1904 Kamishna Sir Donald Stewart aliwakutanisha Olonana na wazee wengine, yakafanywa mapatano. Wamasai wangeondoka Bondeni. Sehemu moja wangekwenda kaskazini, Laikipia, na sehemu nyingine wangekaa kusini ya reli, katika nchi ambayo Kajiado yetu ni sehemu yake. Baina ya pande hizo mbili ingeachwa njia pana ya kupitisha watu na mifugo, na mahali pa kufanyia tohara pangehifadhiwa katika miteremko ya Kinangop. Tena iliandikwa kwamba mapatano hayo yatadumu muda wote ambao Wamasai watakuwapo duniani kama taifa.

Gilisho alikuwa mmoja wa walioyakubali mapatano hayo, naye akaenda Laikipia pamoja na Wapurko. Nchi ile iliwafaa. Ilikuwa na maji, majani matamu na baridi isiyo na kupe wengi, na baada ya miaka michache ng'ombe waliongezeka sana. Lakini njia ile pana haikuachwa wazi kama ilivyoandikwa, na Wamasai wa kaskazini wakakatwa na ndugu zao wa kusini.

Hapo pana kosa ambalo lilileta madhara baadaye. Serikali ilimchukua Olonana ikamwita mkuu wa Wamasai wote. Sisi twajua kwamba laiboni ni mtu wa dua na ramli, naye huheshimiwa sana, bali si mfalme. Mambo ya nchi huamuliwa na marika na wazee wa kila olosho. Lakini kwa Serikali ilikuwa rahisi kuzungumza na mtu mmoja aliye karibu na Nairobi kuliko kuzungumza na mikutano kumi. Na kwa kuwa hapakuwa na Mmasai aliyeweza kuliandika jambo hilo na kulipeleka London, kosa hilo likakaa katika majalada kama kweli.

KARATASI YA PILI

Haikupita miaka saba, walowezi wakaitamani na Laikipia. Gavana wakati huo alikuwa Sir Percy Girouard. Mwezi wa Machi 1911 Olonana alifariki, na Serikali ikatangaza kwamba wakati wa kufa aliusia Wamasai wa kaskazini waende kusini wakakae pamoja na wenzao. Wazee wengi wa kaskazini hawakuusadiki wasia huo. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo yaliandikwa mapatano ya pili. Waliotia alama walikuwa Seggi mwana wa Olonana, aliyekuwa bado kijana, na msimamizi wake, na wazee wa pande zote mbili. Miongoni mwao alikuwamo Parsaloi ole Gilisho.

Hapa ndipo mahali pa uchungu katika maisha yake, wala si haki kupaficha. Alama yake iko katika karatasi ile. Alikuwa amepinga kuhama. Alikuwa ameikagua nchi aliyoahidiwa, akaiona haina maji ya kutosha. Kisha alikubali, kisha akakataa, na Serikali ikamwandika kuwa mtu asiye na msimamo. Lakini tumfikirie alivyokaa. Mbele yake ilikuwapo Serikali yenye bunduki. Nyuma yake walikuwapo watu wake na mifugo yao yote. Katikati ilikuwapo karatasi ya Kiingereza ambayo hakuweza kuisoma, na maneno yake aliyajua kwa kinywa cha mkalimani wa Serikali tu. Mtu aliyezoea kushinda kwa neno lililosemwa mbele ya wote aliingizwa katika shauri la maneno yaliyoandikwa.

Safari ilianza katikati ya mwaka 1911. Watu na wanyama walisongamana katika milima ya Mau wakati wa mvua na baridi, chakula kikapungua, na wengi wakafa. Serikali ikalazimika kuisimamisha safari ile. Wengine walirudi Laikipia. Habari zilifika Uingereza, na maswali yakaulizwa katika Bunge la huko. Ikaonekana kwamba Gavana hakuwaeleza wakubwa wake mambo yote aliyokuwa amewaahidi walowezi, naye akajiuzulu mwaka 1912. Lakini shauri la kuwahamisha Wamasai halikujiuzulu pamoja naye.

KORTINI MOMBASA

Mwaka 1912 Gilisho alifanya jambo ambalo katika nchi hii lilikuwa karibu jambo geni. Hakuwaita morani wachukue mikuki. Aliamua kuichukua ile karatasi yenyewe na kuipeleka mbele ya jaji. Alipata wakili Mzungu wa Mombasa, jina lake Alexander Morrison. Alikuwapo pia daktari mmoja wa Serikali, Norman Leys, aliyewaonea Wamasai huruma, akawaandikia rafiki zake wa Uingereza habari zao. Kwa sababu ya mambo kama hayo daktari yule alihamishwa, akapelekwa Nyasaland.

Gilisho ndiye aliyekuwa roho ya mashtaka, bali hakusimama mbele kama mshtaki, maana alama yake ilikuwamo katika karatasi iliyokuwa ikipingwa. Aliyetangulia alikuwa ole Nchoko pamoja na wenzake. Jina lake makarani waliliandika vibaya, wakamwita ole Njogo, na kwa jina hilo lililokosewa kesi yake husomwa mpaka leo na wanafunzi wa sheria katika nchi nyingi. Madai yao yalikuwa kwamba mapatano ya mwaka 1904 yangali na nguvu. Kwamba waliotia alama mwaka 1911 hawakuwa na mamlaka ya kuwafunga Wamasai wote wa Laikipia. Na kwamba walipwe fidia ya mifugo waliopotea.

Kesi ilipokuwa ikingoja, safari ya pili ilifanywa. Kwa hesabu za Serikali yenyewe waliohamishwa kutoka Laikipia walikuwa watu wapatao 10,000, na ng'ombe 175,000, na kondoo zaidi ya 1,000,000. Jaji Robert Hamilton alipotoa hukumu yake mwezi wa Mei 1913, Laikipia ilikuwa imekwisha kuwa tupu.

Hukumu ilikuwa fupi kwa maana yake. Korti haikusema kwamba Wamasai wamedhulumiwa, wala haikusema kwamba hawakudhulumiwa. Ilisema kwamba haina ruhusa ya kutazama. Nchi hii, ilisema, ni nchi iliyo chini ya ulinzi tu, na Wamasai si raia wa Mfalme wa Uingereza, bali ni watu wa nje. Kwa hiyo mapatano yao na Serikali ni kama mapatano baina ya mataifa mawili, na jambo la namna hiyo halihukumiwi na korti ya kawaida. Wenye akili na watazame ajabu hii. Wakati wa kutoza kodi ya vibanda Mmasai alihesabiwa mtu wa Serikali. Wakati wa kudai haki alihesabiwa mgeni.

Walikata rufaa, na rufaa ikakataliwa mwezi wa Desemba mwaka huohuo. Ilibaki daraja moja tu, Baraza la Mfalme huko London. Mlango huo ulikuwa wazi, lakini Wamasai hawakuuingia. Kesi ikafa njiani.

KWA NINI ALISHINDWA

Ndugu zangu, hapa natuketi kidogo, maana ndipo penye jibu la swali letu.

Hatuwezi kusema kwamba Gilisho alishindwa kwa kukosa ushujaa. Wala hatuwezi kusema alikosa akili, maana alitambua kabla ya wengi kwamba ugomvi wa nchi sasa utaamuliwa kwa wino. Wala hakika hatuwezi kusema watu wake hawakuwa na mali. Mtu mwenye ng'ombe 175,000 nyuma yake akiitwa maskini, tajiri ni nani?

Lakini uko umaskini ambao hauonekani zizini. Wakili halipwi kwa maziwa. Meli ya kwenda London haipandwi kwa ndama. Mali ya Wamasai ilikuwa ya miguu minne, na mali hiyo kuwa fedha ilihitaji soko. Basi soko lilikuwa mikononi mwa wengine, na kwa miaka mingi nchi ya Wamasai iliwekwa chini ya karantini kwa sababu ya magonjwa ya mifugo, hata ng'ombe wasiweze kutoka kwenda kuuzwa kwa bei ya haki. Kwa hiyo aliyekuwa na mali hakuwa na uwezo. Huu ndio umaskini unaozuia watu kubadili hali yao: kuwa na kitu, na kutoweza kukigeuza kiwe nguvu siku ile kinapohitajika.

Na uko ujinga ambao si upumbavu. Hapakuwa na Mmasai wa kuisoma karatasi ya 1904 neno kwa neno kabla ya kuwekwa alama, wala wa kuiandika barua bila kupita kwa mkalimani, wala wa kuhifadhi nakala. Wamasai waliojua kusoma wakati huo waliweza kuhesabiwa kwa vidole. Mmoja wao, Molonket ole Sempele, alikuwa amesafiri mwaka 1909 kwenda Marekani kutafuta elimu, naye alikuwa mbali nchi ilipokuwa ikiandikwa upya mwaka 1911. Hivyo kila neno la Wamasai lilifika kwa mkubwa likiwa limepita katika kinywa cha mtu mwingine. Waliowapenda, kama yule daktari, walisema kwa niaba yao. Wasiowapenda nao walisema kwa niaba yao. Wao wenyewe walinyamazishwa kwa kukosa kalamu.

Mambo hayo mawili hushikana mikono. Asiye na fedha hasomeshi mtoto, na asiyesoma hajui fedha yake inakwenda wapi. Panapokuwa hivyo, watu waweza kuwa na haki yote na ushujaa wote, na mambo yasigeuke.

MIAKA YAKE YA MWISHO

Gilisho aliishi tena miaka zaidi ya 20 katika nchi ya kusini, upande wa Narok. Nchi ile mpya ilikuwa na homa ya kupe na sehemu zenye mbung'o, na ng'ombe wa Laikipia waliozoea baridi waliumia sana. Katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza Serikali ilianza kufungua shule chache kwa ajili ya Wamasai, Narok kwanza na kisha Kajiado. Wazazi wengi waliwaficha watoto wao. Twaweza kuwaelewa. Watu walioumizwa na karatasi hawakutaka watoto wao wafundishwe na wenye karatasi. Lakini kwa kuikimbia kalamu walimwachia adui silaha yake, na sisi wajukuu tumelipa deni hilo.

Mwaka 1932 iliundwa tume ya kuchunguza mambo ya ardhi katika Kenya nzima, na taarifa yake ya mwaka 1934 haikuwarudishia Wamasai nchi yao. Gilisho akafariki mwaka 1939. Mwaka 1962, katika mikutano ya katiba iliyofanyika London, wajumbe wa Wamasai waliyaleta tena madai ya nchi iliyopotea, wala hawakupewa walichokidai. Safari hii walikuwapo watu waliosoma, na neno lao liliandikwa kama walivyolisema. Hata hivyo walikuwa wachache, nao walichelewa miaka 50.

Liko jambo moja la baadaye linaloonyesha kwamba ugonjwa haujapona. Mwaka 2004, miaka 100 baada ya mapatano ya kwanza, Wamasai waliandamana kudai ardhi yao. Wengi waliamini kwa moyo wote kwamba mapatano yale yalikuwa ya miaka 99 na kwamba muda umekwisha. Karatasi ya 1904 haina miaka 99 ndani yake. Miaka 99 ilikuwa katika hati za kukodisha walizopewa walowezi. Kilio cha watu kilikuwa cha kweli, dhuluma ilikuwa ya kweli, lakini walikwenda wakishikilia neno lisiloandikwa, na waliowapinga wakapata njia rahisi ya kuwajibu. Laiti wengi wangaliisoma ile karatasi, wangaliona kwamba maneno yake halisi yana nguvu kuliko miaka 99. Maana yaliahidi muda usio na mwisho.

YATUPASAYO SISI

Sasa na tutazame Kitengela yetu. Mashamba ya jamii yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1968 yaligawanywa, na hapa Kitengela mgawanyo ulifanywa mwaka 1988. Kila mwanachama alipata kipande chake na hati yake. Kisha viwanda vya Athi River vikaongezeka, mji ukapanda, na wanunuzi wakaja. Leo anayekuja kuichukua nchi hana bunduki wala hatumi askari. Huja na karatasi na fedha kidogo wakati wa ukame, wakati wa karo, au wakati wa ugonjwa.

Nitasema habari moja niliyoiona kwa macho yangu. Mzee mmoja aliniletea karatasi nimsomee. Alikuwa amekwisha kutia dole gumba miezi mitatu nyuma yake, naye alijua moyoni kwamba ameuza ekari mbili ili alipe gharama za hospitali. Niliposoma nilikuta ekari zote, pamoja na mahali boma lake liliposimama. Nilisoma mara mbili, kisha nikanyamaza. Mzee hakulia. Aliniuliza tu kama naweza kuyasoma tena pole pole. Tangu siku ile, kila nikiona alama ya ole Gilisho ikitajwa katika vitabu, naiona na ile ya mzee yule pamoja nayo. Umbali wa miaka 100 na zaidi, na dole ni lilelile.

Na si ardhi peke yake. Katiba ya mwaka 2010 imetupa haki ambazo Gilisho hakuziota. Sisi ni raia, na hapana korti iwezayo kutuita wageni. Tangu mwaka 2013 tuna serikali ya Kaunti ya Kajiado, na sheria yaagiza wananchi waulizwe kabla ya fedha kugawanywa. Sheria ya ardhi ya jamii ya mwaka 2016 nayo ipo. Lakini makaratasi ya bajeti huja kwa Kiingereza, mikutano huitwa siku ya mnada, na mtu mwenye watoto wenye njaa akipewa kilo mbili za unga siku ya kura, yeye hulipa kwa miaka mitano. Tusimcheke. Anafanya kama walivyofanya wazee wetu baada ya sotoka. Anachukua masharti yanayokuja na chakula. Lakini tukiacha hali iwe hivyo, tutabadilisha majina ya wakubwa kila uchaguzi, na mambo yatabaki yalivyo.

Kwa hiyo, kwa wale waliosema tununue mitamba kwanza, jibu la halmashauri ni hili, kwa heshima. Mmesema kweli nusu. Gilisho alikuwa na ng'ombe, naye alishindwa kwa kukosa fedha na wasomaji. Ole Sempele alikuwa na elimu, naye alikuwa mmoja tu, tena yuko mbali. Chama kisichojali njaa ya leo kitawapoteza watu wake, na chama kisichosomesha kitawapoteza watu wake pia, ila polepole zaidi. Ndiyo sababu mtaona katika hesabu za mwaka huu kwamba fedha zimegawanywa: sehemu ya mitamba, na sehemu ya karo, wasichana kwa wavulana bila kupendelea. Tena twaomba kila mwanachama atimize mambo matatu yasiyo na gharama kubwa. Asitie dole wala sahihi katika karatasi isiyosomwa kwa lugha anayoijua, mbele ya mtoto wake au jirani anayemwamini. Atunze nakala. Na karatasi ya baraza au ya kaunti ikifika, ailete ofisini isomwe mbele ya watu, si ikunjwe mfukoni.

Kazi ya kusoma makaratasi hapa ofisini haina malipo. Kila Jumamosi asubuhi karani wenu yupo, na vijana wa sekondari waliosaidiwa na chama hukaa naye kwa zamu ili nao wajifunze kuwatumikia wazee. Aliye na karatasi asione haya.

Parsaloi ole Gilisho hakuirudisha Laikipia. Lakini alitufundisha mahali pa kusimama, naye alisimama peke yake, bila kalamu na bila nauli. Mali bila daftari huisha bila habari, wahenga wamesema. Mzee huyu aliyajua hayo mapema kuliko sisi, na wakati wake daftari hakulipata. Sisi tunalo.

Wenu mtiifu katika kazi ya chama,
Karani